Mdogo wangu ana grini kadi na anataka kazi ya serikali Marekani. Sisi wa Mtwara tunaingiaje?

Ndugu washauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, nakaa Chikongola hapa Mtwara mjini. Mdogo wangu wa kiume alishinda bahati nasibu ya viza akaenda Marekani mwaka 2019 akiwa na miaka 23. Sasa yuko Columbus, Ohio, na grini kadi yake. Amesomea huko usalama wa mitandao ya kompyuta, lakini mpaka leo anapanga mizigo ghalani zamu ya usiku.

Ameomba kazi za serikali ya kule kwenye mtandao na mfumo unamwondoa hatua ya kwanza kabisa. Rafiki yake anamwambia pale panapoulizwa kama yeye ni raia aweke alama ya ndiyo, mengine yatajulikana mbele ya safari. Mtu mwingine anataka dola 1,800 amtafutie kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushughulika na mambo ya siri ya serikali, ili awe nacho mkononi kabla ya kuomba kazi. Wakati huohuo kampuni moja ya Virginia inayofanya kazi za Wizara ya Ulinzi imemwambia inamhitaji, ila mpaka awe raia na apite upekuzi.

Sasa ametutumia orodha ndefu: majina kamili ya baba, mama na ndugu wote, tarehe za kuzaliwa, tunakoishi, nani anatuajiri. Mama amekataa. Anauliza serikali ya Marekani inatutakia nini sisi watu wa korosho. Na yapo mambo yanayotutia hofu. Mjomba wetu anaishi Mueda, Msumbiji. Mdogo wangu alipita JKT mwaka 2016 baada ya kidato cha sita. Marehemu baba alimwandikisha shamba la mikorosho kule Tandahimba, bado lina jina lake, na malipo ya mnada yanaingia kwenye akaunti yake ya benki ya hapa. Tena alikuja kumuuguza baba mwishoni mwa 2021 akakaa miezi saba.

Je, kwa grini kadi anaweza kupata kazi ya serikali? Haya ya kwetu yatamharibia, pamoja na mimi kuwa mtumishi wa serikali ya Tanzania? Akichukua uraia wa kule, shamba linakwendaje? Na akirudi siku moja, ataruhusiwa kuomba kazi serikalini hapa?

Mwalimu, Chikongola


Waalaykum salaam, Mwalimu. Pole kwa msiba wa mzee.

Tuanze na mambo mawili ambayo mdogo wako anapaswa kuyasikia leo, kabla hajagusa fomu nyingine yoyote.

La kwanza ni ile alama ya ndiyo. Asiiweke. Mtu asiye raia anayejitangaza kuwa raia wa Marekani ili apate kazi au manufaa mengine ametenda kosa la uhamiaji linaloweza kumfukuzisha nchini na kumfungia njia ya kurudi maisha yake yote, na misamaha ya kosa hilo karibu haipo. Haijalishi kama kazi aliipata au aliikosa. Mtego huo upo sehemu tatu. Upo kwenye maombi ya kazi. Upo kwenye fomu I-9, ambayo kila mwajiri Marekani humjazisha mfanyakazi mpya, na mdogo wako anapaswa kuchagua kisanduku cha mkazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi. Na upo kwenye ofisi za leseni za udereva, ambako mtu huulizwa kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Wahamiaji wengi wamejibu ndiyo bila kuelewa, na jambo hilo likaibuka siku ya usaili wa uraia. Kama tayari aliweka alama hiyo popote, aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutuma ombi la uraia, kwa kuwa fomu ya uraia inauliza jambo hilo moja kwa moja.

La pili ni zile dola 1,800. Hakuna mtu binafsi anayeweza kuombewa au kuuziwa kibali cha usalama. Kibali huombwa na idara ya serikali, au na kampuni yenye mkataba wa kazi za siri, baada ya kumpa mtu ahadi ya kazi. Gharama ya upekuzi inabebwa na serikali. Mwombaji halipi hata senti. Anayedai hela hizo anataka hela tu. Pengine anataka na taarifa zake za siri, ambazo zina thamani kuliko hizo dola.

Sasa sheria yenyewe. Ajira nyingi za serikali kuu ya Marekani ziko katika utumishi wa ushindani, na huko wanaajiriwa raia. Msingi wake ni Amri ya Rais namba 11935 ya mwaka 1976, iliyosainiwa na Gerald Ford. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikuwa imelifuta katazo lililowekwa na tume ya utumishi, kwa hoja kwamba tume haikuwa na mamlaka ya kuliweka. Ford akaliweka upya kwa amri yake. Ndiyo maana mfumo wa USAJOBS, tovuti ya matangazo ya kazi za serikali kuu, unamwondoa mdogo wako kabla hata vyeti havijasomwa. Hawajamdharau. Katika kila tangazo la USAJOBS ipo sehemu inayoonyesha kazi iko wazi kwa nani. Aisome hiyo kabla ya sifa na mshahara. Idara inaweza kumchukua asiye raia ikiwa imekosa raia mwenye sifa, na madaktari wa hospitali za maveterani wameajiriwa kwa njia hiyo, lakini mtaalamu wa kompyuta anayeanza asiiweke njia hiyo kwenye hesabu zake.

Kwa kibali cha usalama mlango ni mwembamba zaidi. Amri namba 12968 ya mwaka 1995 inasema kibali ni cha raia. Kwa asiye raia kuna ruhusa yenye mipaka, inayotolewa mara chache kwa mtu mwenye utaalamu adimu ambao idara haiupati kwa raia, na haimfikishi ngazi ya juu ya usiri iitwayo Siri Kuu (Top Secret). Kwa hiyo ile kampuni ya Virginia imemwambia ukweli.

Lakini asibaki ghalani akisubiri. Shirika la Posta la Marekani, USPS, huajiri wenye grini kadi. Majimbo, kaunti na miji huajiri pia: tangu mwaka 1973, Mahakama ya Juu ilipofuta sheria ya New York iliyowafungia wageni wote utumishi wa jimbo, kazi nyingi za hospitali za umma, vyuo na idara za kompyuta za miji ziko wazi kwao. Mahakama hiyo iliruhusu majimbo kudai uraia kwa kazi kama polisi na ualimu wa shule za umma, na kila jimbo lina utaratibu wake. Kwa fani yake, idara ya kompyuta ya kaunti au chuo cha jimbo ingemfaa kuliko kitu kingine sasa hivi, kwa sababu itampa uzoefu ambao kampuni ya Virginia itauhesabu. Zipo pia kazi za wakandarasi kwenye mifumo ya idara za kiraia ambazo hazihitaji kibali cha siri, zinahitaji upekuzi wa uaminifu tu. Baadhi ya idara humkubali mwenye grini kadi aliyekaa Marekani walau miaka 3 kati ya 5 iliyopita.

Akikutana na kampuni binafsi inayosema inataka raia pekee kwa sababu ya sheria ya kudhibiti teknolojia ya kijeshi, ITAR, ajue kwamba sheria hiyo inamhesabu mwenye grini kadi sawa na raia. Kampuni inaweza kudai uraia pale tu sheria, amri ya Rais au mkataba wa serikali unapodai hivyo. Kuna kifungu kidogo hapa ambacho wengi hawakijui: mwenye grini kadi aliyefikisha muda wa kuomba uraia akakaa miezi sita bila kuomba, hupoteza kinga ya sheria inayozuia kubaguliwa kwa uraia katika ajira. Kuchelewa kwake kuna gharama.

Jeshini anaweza kuingia kama askari wa kawaida, si ofisa, na kazi za jeshi zinazohitaji kibali zitabaki zimefungwa mpaka awe raia. Utumishi huo unafupisha muda wa uraia na ombi lake halilipiwi ada. Hata hivyo ni uamuzi wa maisha na mauti, wala hatumshauri mtu aingie jeshini kwa ajili ya karatasi.

Tukiwa hapo, kuna uandikishaji wa Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini ikihitajika. Mwanamume mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 18 hadi 25, awe raia au mhamiaji wa kudumu, anapaswa kuwa kwenye daftari hilo, na aliyekataa kwa makusudi hapati kazi ya serikali kuu hata akiwa raia. Mdogo wako alifika akiwa na miaka 23, kwa hiyo lilimhusu. Wengi huingizwa moja kwa moja kupitia maombi ya viza, lakini asikisie: aingie sss.gov, aweke jina la ukoo, namba ya hifadhi ya jamii na tarehe ya kuzaliwa, kisha achapishe uthibitisho. Akikuta hayumo, umri wa kujiandikisha umepita. Aombe barua rasmi ya hali yake na aandae maelezo kwamba hakujua.

Sasa uraia. Ombi ni fomu N-400, baada ya miaka 5 ya grini kadi, au 3 kwa aliyeoa raia wa Marekani na wanaishi pamoja. Linaweza kutumwa siku 90 kabla ya muda kutimia. Ada ni dola 710 kwa mtandao na 760 kwa karatasi, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba nafuu ya dola 380. Awe amekuwepo nchini kimwili walau miezi 30 kati ya hiyo miaka mitano. Kwa waliotuma maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, usaili wa elimu ya uraia una maswali 20 kutoka orodha ya 128, na wa kufaulu anatakiwa apate 12.

Ile miezi saba ya kumuuguza mzee ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Safari iliyozidi miezi sita bila kufika mwaka inaleta dhana kwamba ukaazi wake ulikatika. Ni dhana tu, inapingika, lakini kwa karatasi: kwamba hakuacha kazi au alipewa likizo, hakuajiriwa Tanzania, aliendelea kulipa pango la Columbus, alijaza kodi ya mwaka ule kama mkazi. Nyumbani mtafutieni hati za hospitali zinazoonyesha ugonjwa wa mzee na cheti cha kifo cha RITA. Kama ushahidi ni mwembamba, njia salama ni kusubiri mpaka safari ile itoke nje ya miaka mitano inayohesabiwa, yaani baada ya katikati ya 2027.

Kuna na jambo la wakati huu. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais wa Marekani alisaini tangazo lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi zenye vizuizi vya viza. Wenye grini kadi hawakufungiwa kuingia, lakini maombi ya uhamiaji ya watu wa nchi za orodha hiyo yamekuwa yakishikiliwa bila uamuzi. Kabla ya kulipa ada asome tangazo la siku hiyo kwenye tovuti ya USCIS, idara ya Marekani inayoshughulikia maombi ya uhamiaji na uraia, na kwa sasa aepuke safari ndefu za nje.

Tuje kwenye orodha aliyowatumia, kwa sababu hapo ndipo familia ina kazi ya kufanya na ndipo wengi huangukia. Fomu ya kibali inaitwa SF-86. Ni ndefu, na inarudi nyuma miaka 10 kwa makazi, kazi na masomo, na miaka 7 kwa safari za nje na watu wa nje anaowasiliana nao kwa karibu. Maana yake miaka yake ya mwisho Mtwara imo ndani. Kila mwezi lazima uwe na maelezo. Miezi aliyokaa nyumbani baada ya kidato cha sita aandike hakuwa na ajira, asiiruke. Anwani isiwe "karibu na msikiti". Tumieni namba ya nyumba na jina la mtaa vilivyotolewa kwenye mfumo wa anwani za makazi, pamoja na postikodi ya kata. Atahitaji pia watu waliomfahamu wakati huo wenye simu zinazopatikana: jirani, mwalimu wake wa sekondari, mwajiri wa muda kama alikuwa naye.

Sehemu ya 18 inataka ndugu, walio hai na waliofariki. Wanaoandikwa ni wazazi, wazazi wa kambo, walezi, watoto, ndugu wa baba na mama mmoja, ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, ndugu wa kambo, na wakwe. Sisi tuna akina baba na akina mama wengi, lakini fomu inauliza aliyezaa na aliyelea. Mama mdogo aliyemlea tangu utoto anaingia kwenye nafasi ya mlezi. Mtoto wa mama mkubwa hakai kwenye orodha ya kaka na dada hata kama mmekua chumba kimoja; kama wanawasiliana mara kwa mara, anakwenda sehemu ya 19 ya watu wa nje walio karibu naye. Na kama marehemu mzee alikuwa na watoto kwa mke mwingine, wote waandikwe, hata wale ambao hamzungumzi nao. Mtoto wa nje aliyefichwa kwa kuona haya ameharibu fomu nyingi kuliko shamba lolote.

Kwa kila mmoja andikeni majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, tarehe na mahali alipozaliwa, uraia, makazi, kazi na mwajiri, na mara ngapi anazungumza na mdogo wako. Kama mama hajui tarehe yake kamili, fomu ina alama ya kuonyesha kwamba tarehe ni ya makadirio, msibuni. Kama cheti cha RITA kina jina moja na cheti cha NECTA kina jingine, majina yote mawili yaandikwe kwenye nafasi ya majina mengine aliyowahi kutumia.

Kinachotazamwa zaidi na wapekuzi ni kulingana kwa maelezo. Jalada lake la uhamiaji lipo, na fomu ya viza aliyojaza akiwa hapa Mtwara imo humo. Itawekwa mezani pamoja na N-400 na SF-86. Idadi ya ndugu aliyoandika wakati wa viza, tarehe ya kuzaliwa ya mama, kazi aliyosema anafanya: vyote visomeke sawa, na palipo na tofauti aiseme mwenyewe na sababu yake kwenye nafasi ya maelezo. Uongo wa makusudi kwenye fomu hizi ni jinai inayofikia kifungo cha miaka 5, na kosa lililotajwa na mwombaji mwenyewe hupokelewa tofauti kabisa na lililogunduliwa.

JKT ni mfano hasa. Sehemu ya 15 inauliza kama amewahi kutumikia jeshi, mgambo, ulinzi au idara ya serikali ya nchi nyingine, na N-400 nayo inauliza kuhusu mafunzo ya kijeshi. Vijana wetu hujibu hapana kwa kuwa wanaona JKT ni lazima ya kidato cha sita, si jeshi. Aandike ndiyo: kambi, tarehe ya kuingia na kutoka, kwamba ilikuwa kwa mujibu wa sheria, kwamba alifundishwa kutumia silaha kama alifundishwa. Mafunzo hayo hayamnyimi kibali. Jibu la hapana linaweza kumnyima.

Mjomba wa Mueda hayumo kwenye sehemu ya 18. Ataandikwa sehemu ya 19 kama katika miaka 7 wamekuwa wakiwasiliana kwa karibu. Kuwa na ndugu ng'ambo ya Ruvuma si kosa. Nusu ya Newala na Tandahimba wanao. Ila Cabo Delgado, mkoa ulio na Mueda, una vita tangu Oktoba 2017, na Machi 2021 Marekani ililiweka kundi la huko katika orodha ya makundi ya kigaidi, kwa hiyo maswali yatakuwepo. Ajibu kwa utulivu: mjomba ni nani, anafanya kazi gani, wanaongea lini. Kama anamsaidia pesa, zipelekwe kwa jina la mjomba mwenyewe na risiti zitunzwe, zisipitie kwa mtu wa kati asiyefahamika.

Pesa anazowatumia ninyi nazo zinaulizwa, katika sehemu ya 20, ambako fomu inataka kujua kama amewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Aandike nani, kiasi gani kwa wastani, na kwa ajili ya nini. Kumtunza mama si doa.

Na wewe, Mwalimu, andikwa ulivyo: mtumishi wa umma, mwajiri ni halmashauri, kazi ualimu. Wapekuzi wa Marekani wanapima kila jambo kwa miongozo 13, mmoja ukiwa wa ushawishi wa kigeni, na swali lao ni kama kuna mtu anayeweza kumbana mdogo wako kupitia ndugu zake. Mwalimu wa shule ya msingi si ofisa wa usalama wala mwanajeshi. Kumpa jina na anwani yako hakuvunji wajibu wako kwa mwajiri. Usimpe tu nyaraka za ofisi, naye hana sababu ya kuziomba. Mama mwambieni kwamba kuandikwa hakumfanyi mtuhumiwa. Mtamsaidia zaidi mkimpa taarifa kwa kuzungumza naye mwenyewe kwa simu kuliko kuzimwaga kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Na yeyote atakayewapigia akidai anatoka kwenye upekuzi na kuomba pesa au namba ya siri ya simu, mkatieni.

Shamba la Tandahimba linagusa nchi mbili. Upande wa Marekani, ni mali ya nje na akaunti ya nje, vyote vinaandikwa sehemu ya 20, kwa makadirio ya thamani. Tena hilo haliko kwenye kibali peke yake. Mwenye grini kadi anatozwa kodi ya mapato ya dunia nzima, kwa hiyo malipo ya korosho yanapaswa kuonekana kwenye ritani yake ya kila mwaka. Na kama akaunti zake zote za nje zikijumlishwa ziliwahi kuvuka dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, kuna taarifa ya akaunti za nje, FBAR, ya kujaza, mwisho tarehe 15 Aprili, na inasogea yenyewe hadi 15 Oktoba. Mpelekeeni stakabadhi za chama cha msingi na taarifa ya benki ya kila msimu tangu 2019. Akikuta miaka iliyopita haikujazwa, aijaze kabla hajaulizwa. Madeni na kodi zisizolipwa huwaangusha waombaji wengi wa kibali, waliozaliwa hukohuko wakiwemo.

Upande wa Tanzania, Sheria ya Uraia, Sura 357, hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku anapokula kiapo cha Marekani anaacha kuwa Mtanzania, na pasipoti yetu anapaswa kuirudisha. Asiendelee kuitumia akidhani haonekani. Ni kosa hapa, na kule itamletea swali la yeye ni wa upande gani. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi kama raia. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yaliyoweka Hadhi Maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na masharti yake ayapate ofisi ya Uhamiaji Mtwara au ubalozini. Lakini kwa shamba la mikorosho lililo kwenye ardhi ya kijiji tunawashauri mlimalize kabla ya kiapo.

Mnafanyaje? Kwanza jueni kama kweli ni lake. Kama mzee alimpa akiwa hai, yawepo maandishi au mashahidi. Kama ni urithi, msimamizi wa mirathi ateuliwe na Mahakama ya Mwanzo ndipo mgawo uandikwe. Kisha alihamishie kwa mama au kwako mbele ya halmashauri ya kijiji, muhtasari wa kikao uandikwe na upigwe mhuri, na hati ya hakimiliki ya kimila ibadilishwe jina kama ipo. Badilisheni pia jina kwenye chama cha msingi na kwenye daftari la wakulima la Bodi ya Korosho, la sivyo salfa ya ruzuku na malipo ya mnada yataendelea kwenda kwa jina la zamani. Fanyeni hivyo nje ya msimu, kabla ya minada ya Oktoba. Hata baada ya kulihamisha, kwenye SF-86 ataliandika, kwa kuwa fomu inauliza kama amewahi kuwa na mali nje, na aeleze lini na kwa nani alilihamisha.

Swali lako la mwisho: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanataka mwombaji awe raia wa Tanzania. Akiwa na pasipoti ya Marekani hataweza kuomba kazi hizo kama mwenyeji. Atakayefanya kazi hapa atahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi kama mgeni mwingine, au hiyo Hadhi Maalum kwa masharti yake. Hilo alipime sasa, kabla ya kujaza N-400, kwa sababu kuurudia uraia wa Tanzania baada ya kuuacha ni ombi jipya linaloamuliwa na Serikali na hakuna anayeweza kumhakikishia jibu.